Deni la b4

Hatua ya saba, yule binti alimrudisha askofu wake mraba mmoja nyuma, kutoka a5 hadi b6 (herufi ni mstari wima wa ubao, namba ni mstari wa mlalo). Akabonyeza saa, akaweka mikono mapajani, akatulia. Feni zote za ukumbi zilikuwa zinazunguka, lakini mimi jasho lilikuwa limeshaanza kunishuka mgongoni.

Ilikuwa raundi ya nne ya shindano la sataranji la siku moja, katika ukumbi wa shule moja hapa Tudor. Kila mchezaji ana dakika 15, na kila anapocheza anaongezewa sekunde 5. Raundi zote ni 6. Katika tatu za kwanza nilishinda mbili, zote mbili kwa ufunguzi mmoja, yaani hatua zilezile za mwanzo, uitwao wa Evans, na sasa nilikuwa naucheza ufunguzi uleule dhidi ya binti wa miaka kumi na mitatu aliyevuka na feri asubuhi kutoka Likoni. Nilimtolea askari wangu wa b4, akamla. Hilo nililitaka. Nisilolitaka, na wala sikuwa nimelifikiria, ni kwamba alikuwa anajiandaa kunirudishia.

Nimeshafungwa mara nyingi na nikaenda kulala usingizi wangu mzuri tu. Mchezo huu nimekaa nao wiki tatu. Nikiwa bandarini nauona, nikiwa kwenye matatu nauona, nikisimama kuswali inanibidi niufukuze. Ufunguzi huu nimeupenda robo karne na nimewaonyesha vijana wengi kwa fahari. Siku ile niligundua kwamba hatua zake nilizijua zote, lakini wenyewe sikuujua.

Sataranji nilifundishwa na babu, mzaa mama, aliyekuwa na duka dogo Kibokoni, mwendo wa dakika chache kutoka Ngomeni. Duka lilikuwa na baraza ya saruji, na juu ya baraza kulikaa ubao wa mbao uliofifia rangi hata ikabidi ukumbuke mwenyewe ni mraba upi mweusi na upi mweupe. Vijana wa leo wanasema chesi, nami sina ugomvi nao. Mimi nimebaki na sataranji kwa sababu ya safari ya neno lenyewe. Wahindi walisema chaturanga, jeshi la vikosi vinne, Wajemi wakasema chatrang, Waarabu shatranji, na kwetu pwani likateremka kama yalivyoteremka mengi yaliyoletwa na kaskazi, likapata sauti ya nyumbani.

Babu hakuwa na askofu kwenye ubao wake. Kete ile aliiita ndovu, kwani Waarabu mpaka leo huiita fili, na malkia kwake alikuwa waziri. Ngome hakuhitaji kuieleza. Alinyoosha kidole tu kuelekea ile ya Wareno, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ambayo sisi watu wa Mji wa Kale tunaiona kila siku tukienda sokoni. Mpaka leo mfalme wangu akijificha pembeni nyuma ya askari wake, mimi husema ameingia ngomeni. Humu nitasema askofu na malkia ili vijana tuwe pamoja, lakini kichwani mwangu bado ni ndovu na waziri.

Jambo jingine la babu, na hili ndilo lililonirudia siku ile Tudor, ni daftari lake la madeni. Nusu ya mtaa ilikuwa ndani ya daftari lile: kilo ya sukari, nusu kilo ya mchele, kipande cha sabuni, mafuta ya taa. Akikopesha hakukunja uso wala hakuchekacheka, aliandika tu. Na mtu alipokuja kulipa, babu alilifungua daftari mbele yake, akalikata jina kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha akamkaribisha kahawa. "Dawa ya deni kulipa," alikuwa akisema, na mimi utotoni nilidhani anawasema wanaodaiwa. Barazani nilimwona akicheza mamia ya michezo. Sikumwona hata siku moja akitoa askari bure.

Kwa hiyo ufunguzi wa Evans sikuupata kwake. Niliupata mwaka 1999, nikiwa kijana mgeni katika kazi ya kutoa mizigo bandarini, kutoka kwa fundi wa mitambo wa meli moja ya mizigo, Mrusi, mtu mnene mwenye ubao mdogo wa sumaku aliouweka mfukoni mwa shati. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno kama ishirini. Alinifunga mara nne kwa ufunguzi huohuo, na mara ya tano akaugeuza ubao, akanipa nyeupe, akaashiria kwa kidole: wewe sasa.

Huenda hivi. Nyeupe hufungua e4, nyeusi hujibu e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Hadi hapo ni ufunguzi wa Kiitalia, miongoni mwa kongwe kabisa katika mchezo huu kama tunavyoucheza leo; Mreno aitwaye Pedro Damiano alikuwa ameshaueleza katika kitabu kilichochapishwa Roma mwaka 1512. Huwa nasimama kidogo kila nikiitaja tarehe hiyo. Miaka saba nyuma yake, 1505, Wareno walikuwa wameichoma Mombasa. Zama zilezile, taifa lilelile: huku nyumba zinaungua, kule mtu ameketi kimya anatafakari askofu akae wapi. Sijui niliweke wapi jambo hilo moyoni, ila siwezi kulipita.

Baada ya hapo nyeupe anaweza kuendelea taratibu, na wengi huendelea taratibu. Evans yeye husukuma askari wa b miraba miwili, b4, akamweka mdomoni kabisa mwa askofu mweusi. Mle. Na akishamla, askari wa c anapanda c3 na kumwambia askofu ondoka hapo. Askofu akiondoka, askari wa d anapanda d4 na katikati ya ubao inafunguka yote, huku kete za nyeupe zikiwa macho na za nyeusi bado zinafikicha macho. Umetoa askari mmoja, umenunua muda.

Aliyelifikiria jambo hilo alikuwa nahodha. William Davies Evans, mtu wa Wales, alizaliwa 1790, akawa akiendesha meli za barua kati ya Milford Haven na Waterford kule Ireland. Wazo lake lilianza kuonekana ubaoni miaka ya 1820. Alifariki 1872 Ostend, Ubelgiji, mji mwingine wa bandari. Mimi niliyezaliwa na kukulia kisiwani, kazi yangu meli na makontena, nilipojua kwamba ufunguzi niliopewa na baharia ulibuniwa na baharia, niliuona kama urithi wangu halali. Nahodha anajua kutupa mzigo kidogo baharini ili meli iwahi. Hivyo ndivyo nilivyoueleza kwa miaka yote, na wasikilizaji wangu waliupenda mfano huo.

Mchezo wa kutoa kete mwanzoni ili upate kitu kikubwa zaidi, wenzetu wanauita gambiti. Kasisi wa Kihispania, Ruy López, ndiye aliyelileta neno hilo katika sataranji mwaka 1561, akilitoa kwa Waitalia na mieleka yao: gamba ni mguu, na gambiti ni kumtega mwenzio kwa mguu aanguke. Kiswahili kina neno lake tayari, tena zuri kuliko hilo. Ngwara. Nimekuwa nikisema ngwara ya Evans tangu zamani, na kila kijana wa Majengo aliyewahi kucheza mpira wa mchangani ananielewa kabla sijamaliza sentensi.

Na ngwara hii imewaangusha wakubwa. Mwaka 1852 mjini Berlin, Adolf Anderssen aliicheza dhidi ya Jean Dufresne, akatoa ngome, akatoa malkia, akamfunga mfalme kwa maaskofu wake wawili wakisaidiwa na askari mmoja. Mchezo ule unachapishwa mpaka leo. Kisha mambo yalibadilika, watu wakajua kujitetea, na kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini wachezaji wa juu waliuona ufunguzi huu kama kitu cha makumbusho. Mpaka 1995 mjini Riga, Garry Kasparov alipomchezea Viswanathan Anand, mtu wa kiwango cha bingwa wa dunia, akashinda kwa hatua 25. Mchezo ule naujua kwa moyo. Nilipokuwa nasubiri karatasi bandarini, foleni ndefu, nilikuwa naupitia kichwani hatua kwa hatua kama mtu anayesoma uradi.

Kwenye mchezo wa haraka ngwara hii ina nguvu mara mbili. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, mchezo wa haraka ni ule ambao kila upande una zaidi ya dakika 10 lakini chini ya 60. Mchezaji mzuri akipewa saa mbili atakaa, atafikiri, atapata njia. Akipewa dakika 15 hana mahali pa kukaa. Wewe unacheza hatua saba za kwanza ndani ya nusu dakika, yeye kila hatua anajiuliza anakula au anaacha. Muda ulioununua ubaoni unaupata tena kwenye saa.

Raundi ya pili ilikwenda hivyo hasa. Kijana wa chuo kikuu, mchangamfu, mwenye kujiamini. Alikula b4. Nikapanda c3, akarudi a5, nikapanda d4, akala. Nikaingia ngomeni, akala tena c3. Askari watatu walikuwa wamelala pembeni yake ya meza, wamepangwa mstari. Malkia wangu akatoka b3, wake akatoka f6. Nikasukuma e5, malkia wake akakimbilia g6. Farasi wangu akala c3. Kabla hajamtoa farasi wake wa upande wa mfalme, askofu wangu alikwishakaa a3, anamulika mshazari wote mpaka f8, na mfalme wake akawa hana njia ya kuingia ngomeni. Hatua ya 19 alinipa mkono. Alinisifu sana, na nikamweleza habari za nahodha na mzigo.

Mapumziko tulikula viazi karai nje, chini ya mwembe. Nilikuwa na furaha isiyo na doa.

Jina langu na la yule binti yalibandikwa ukutani, meza ya tano. Nilimkuta ameshakaa, kete zake nyeusi ameshazinyoosha, farasi wote wawili wanatazama mbele. "Shikamoo, ami." "Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?" "Likoni." Mwamuzi akatuambia tuanze.

e4, e5. Farasi, farasi. Askofu, askofu. b4. Alitazama kidogo, pengine sekunde kumi, akala. c3, akarudi a5. d4, naye hakula tena. Alisogeza askari wa d mraba mmoja tu, d6. Nikaingia ngomeni. Ndipo alipomrudisha askofu b6.

Itazame nafasi ile. Askari wake wa e5 ametishwa na wangu wa d4. Nikila e5, atakula kwa d6, na baada ya hapo malkia wawili wanatazamana kwenye mstari wa d. Nikibadilisha malkia, farasi wake wa c6 atamla wangu d8, na sasa e5 hana mlinzi: farasi wangu atamla. Hesabu itakuwa sawa, askari sita kwa sita. Nitakuwa nimepata changu. Hakuna malkia tena ubaoni, hakuna mshazari wa kumulika, hakuna mfalme wa kumfukuza.

Nilikaa pale dakika tano. Katika mchezo wa dakika 15, dakika tano ni theluthi ya maisha. Nilijua kuna njia nyingine, ya kumwacha malkia wangu hai kwa kumpeleka b3, lakini sikuwa nimeicheza hata mara moja kwa sababu miaka yote hiyo wapinzani wangu walikuwa hawarudishi. Walishika. Na mimi nilikuwa hodari sana wa kumfuata mtu aliyeshika cha kwangu. Nilijua kila kichochoro anachoweza kukimbilia.

Nilikula e5. Akala. Nikabadilisha malkia. Farasi wangu akala e5, na askofu wake wa pili akatoka e6 kumkabili wa kwangu, bila haraka, kama mtu anayefungua dirisha asubuhi. Hatua ya kumi. Saa yangu ilisema dakika 8. Yake ilisema 14.

Utetezi huu una jina. Unaitwa wa Lasker, kwa heshima ya Emanuel Lasker, Mjerumani, mwanahisabati, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921. Miaka 27, na hakuna bingwa aliyekalia kiti hicho muda mrefu zaidi yake. Ni moja ya sababu kubwa za ngwara ya nahodha kuwekwa kabatini na wachezaji wa juu. Nililijua jina hilo. Nilikuwa nimelisoma, nikalipita, kwa sababu halikuwa na mchezo wa kupendeza ndani yake: hakuna kete inayotolewa, hakuna mfalme anayefungwa katikati ya ubao. Kuna askari mmoja anarudishwa kwa mwenyewe. Nani huenda barazani kusimulia habari za mtu aliyelipa deni lake?

Na wakati nimekaa pale, saa inakula, ndipo sauti ya babu ilipokuja wazi kabisa. Dawa ya deni kulipa. Miaka yote nilikuwa naita kitu kile ngwara, au mzigo uliotupwa baharini, na vyote viwili si kweli. Mzigo uliotupwa baharini haurudi. Mtu uliyempiga ngwara hana cha kukurudishia. Askari wa b4 ni mkopo. Nilimwandika yule binti katika daftari langu hatua ya nne, na nguvu yangu yote katika ufunguzi ule ilitokana na yeye kudaiwa: ndiyo maana anachelewa, ndiyo maana anabanwa, ndiyo maana anatembea akiangalia nyuma. Siku alipokuja mapema na pesa mkononi, nikamkuta ananitazama usoni, sina la kumdai, na duka langu halina bidhaa nyingine.

Kwa sababu bei nilikuwa nimeshailipa, na hilo ndilo ambalo watu hawalioni wakiambiwa hesabu ni sawa. Tazama askari wangu waliobaki: wa a2 yuko peke yake, hana jirani kushoto wala kulia. Wa c3 vilevile. Wake wa upande ule, a7, b7, c7, wamesimama bega kwa bega kama wavuvi wanaovuta jarife. Askari aliye peke yake hawezi kulindwa na askari mwenzake. Lazima umwekee kete kubwa imlinde, na kete kubwa ikishakuwa mlinzi imekwisha kazi nyingine zote. Kwenye ubao wenye malkia na wafalme wanaokimbia, hakuna anayepata nafasi ya kuwaona askari wale wawili. Malkia walipoondoka, walionekana na kila mtu.

Aliwaona. Alibadilisha askofu mmoja, akamleta mfalme wake f7 badala ya kumficha, maana sasa hapakuwa na cha kumtisha. Ngome yake ikashika mstari wa d. Farasi wake akaja e5, nikabadilishana naye kwa sababu sikuona la maana zaidi, na hapo nikazidi kumsaidia. Mimi nilikuwa natafuta mashambulizi. Nilimpeleka askofu wangu a3, palepale alipokuwa shujaa raundi ya pili, na akakaa pale akimulika mshazari usio na mtu. Mkono unazoea. Hili nalisema kwa uchungu: nilicheza hatua nne au tano nzuri za mchezo mwingine.

Muda kidogo baadaye ngome yake iliteremka d3 na c3 akaanguka. Nilikuwa na dakika mbili na kitu. Kuanzia hapo nilicheza kwa zile sekunde tano za nyongeza, mkono unatetemeka, nikagusa ngome nilipotaka mfalme, na kanuni ni kanuni: kete uliyoigusa utaicheza. Yeye alikuwa na zaidi ya dakika saba na hakuzitumia kunikimbiza. Kila hatua aliitazama, akaicheza, akabonyeza saa kwa mkono uleule uliosogeza kete kama inavyotakiwa. Askari wake wa c akaanza kutembea. Alipofika c3, mraba uleule aliokuwa akisimama wangu, niliisimamisha saa nikampa mkono.

Nimewahi kufungwa na watoto, hilo si jambo geni Mombasa hii ambako shule nyingi sasa zina ubao. Kilichonikaa ni yale mazungumzo ya baadaye. Tulitoka nje tukaupanga mchezo upya kwenye meza ya plastiki, na nikamuuliza nani alimfundisha kumrudisha askofu b6.

"Mwalimu wetu, ami. Alituambia mtu akikupa askari bure, jiulize anataka nini."

"Na nilitaka nini?"

Alifikiri. "Muda. Sasa mimi nikimshika sana huyu askari, kila hatua namlinda, muda wote unakwenda kwako. Nikakurudishia."

"Hukumwonea huruma? Askari mzima umeshampata."

"Hakuwa wangu," akasema.

Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha mchezo wa raundi ya pili, wa yule kijana aliyekula wote watatu, naye aliutazama kwa makini sana, akauliza swali moja tu: kwa nini hakusogeza d6 mapema. Nilimwambia alikuwa na haraka ya kula. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima anayesikia habari ya jirani aliyeuziwa kiwanja kisichokuwepo.

Raundi mbili za mwisho nilipata moja na nusu. Yeye alimaliza katika watatu wa juu, na nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Jioni nilipita Kibokoni. Duka la babu siku hizi linauza simu na vifuniko vya simu, lakini baraza ipo, na wazee wa kahawa wapo. Nilikaa nikanywa vikombe viwili vya kahawa tungu na kipande cha kashata, nikawa najaribu kukumbuka uso wa babu alipokuwa akikata jina daftarini. Nilikuwa nimeuona uso ule mara elfu. Hakuwa na huzuni ya mtu aliyepoteza mdaiwa. Alikuwa anampenda mtu anayelipa; alikuwa na la kuzungumza naye hata baada ya mstari kukatwa. Na barazani vilevile: ubao ukiwa sawa kwa sawa, kete chache, malkia wameshaondoka, ndipo babu alipokuwa akivua kofia yake, akaiweka pembeni, na kuanza kucheza. Sisi watoto tulikuwa tunaondoka wakati huo. Tulidhani mchezo umekwisha.

Usiku nilipanga upya nafasi ile ya hatua ya saba. Katika mchezo wa haraka hulazimiki kuandika hatua, kwa hiyo yote nilikuwa nimeyabeba kichwani, na nikayaandika nyuma ya karatasi ya kazini kabla hayajapotea. Nikasoma. Dawa ya utetezi wa Lasker ipo, na inajulikana: usiingie ngomeni hatua ya saba. Mtoe malkia b3 kwanza. Pale anaungana na askofu wa c4 kumkodolea macho askari wa f7, na nyeusi inabidi amweke malkia wake d7, mahali pabaya, mbele ya askofu wake mwenyewe wa c8 ambaye sasa hana mlango. Hapo nyeusi hawezi tena kulipa kwa urahisi ule, kwa sababu malkia wawili hawatazamani tena kwenye mstari wa d.

Nilifurahi kama mtoto. Nikala e5 kwa askari wa d4, nikageuza ubao nikawa nyeusi, nikajiuliza binti wa Likoni angecheza nini. Na jibu lililo bora, lile ambalo vitabu vinalipendekeza, ni askofu b6. Mraba uleule. Hata hapo hamli e5 kwa pupa. Anamrudisha askofu wake nyumbani, anasubiri.

Kwa hiyo sasa usiku wangu unakwenda hivi. Mke wangu na watoto wakishalala, naweka ubao kwenye meza ya chakula, malkia wangu b3, askofu wake b6, hesabu sawa, malkia wote wawili hai. Sitafuti tena njia ya kumfunga mfalme ndani ya hatua 25. Namtazama farasi wangu wa b1, ambaye katika mchezo ule nilimchelewesha sana. Anaweza kwenda d2. Kutoka d2 anaweza kumfikia c4 askofu akishampisha, na kutoka c4 anamgusa yule askofu wa b6. Nimemtumia ujumbe mwalimu wa yule binti nikamuomba, kama wazazi wataridhia, awalete wanafunzi wake Jumamosi moja tucheze siku nzima, dakika 15 kwa 15, na nyeupe nitachukua mimi.